Filta ya maji ukutani: inavyoziba, inavyozibuliwa na inavyodumu

Maji ya Kakamega kwa kawaida ni laini. Mvua ya huko, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, hunywea katika udongo mwekundu uliolala juu ya mawe ya kale, yakiwemo ya itale, na mawe hayo hayana chokaa nyingi ya kuyapa maji. Sabuni hutoa povu upesi, na birika hutumika miaka bila kufanya magamba meupe ndani. Pwani ni kinyume: visima vilivyochimbwa katika miamba ya matumbawe hutoa maji magumu yenye kalisi nyingi, na wenye hoteli hufunga mitambo ya kulainisha maji kwa chumvi. Mtambo kama huo hauna kazi Kakamega. Kasoro ya maji ya huko ni tope la msimu wa mvua na vijidudu vinavyotoka vyooni na mazizini, na kifaa cha nyumbani kinachostahili kujulikana vizuri, kutunzwa na kutengenezwa ni filta ya kuondoa vijidudu.

Kakamega inazijua filta hizi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mnamo Septemba 2008, katika tarafa ya Lurambi, watu zaidi ya 47,000 walijitokeza kwa muda wa siku saba kupimwa virusi vya Ukimwi, na waliofika walirudi nyumbani na chandarua, kondomu na kichujio cha maji. Miaka mitatu baadaye likaja jambo kubwa zaidi. Kati ya Aprili na Mei 2011, kampuni ya Vestergaard Frandsen yenye makao Uswisi iligawa filta zaidi ya 870,000 aina ya LifeStraw Family, bila malipo, katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi, yaani Kakamega, Bungoma, Busia na Vihiga za leo. Kazi hiyo ilichukua takriban wiki tano na ilikusudiwa kufikia karibu kila boma. Gharama ilitarajiwa kurudi kwa kuuza hati za kaboni: nyumba yenye filta haihitaji kuchoma kuni ili kuchemsha maji ya kunywa, na moshi uliozuiwa ukahesabiwa kama bidhaa. Hivyo ndivyo kifaa kile kilivyoingia majumbani na kuangikwa ukutani.

Chenyewe si kigumu kukielewa. Juu kuna ndoo ndogo ya plastiki ya takriban lita 2, inayoning'inizwa kwenye msumari. Ndani ya ndoo mna chujio la wavu linaloweza kutolewa, la kunasa majani, mchanga na wadudu. Kutoka kwenye ndoo unashuka mpira wa urefu wa karibu mita 1 hadi kwenye silinda ya plastiki, na ndani ya silinda ndimo kazi yote inamofanyika. Mna kifungu cha nyuzi nyembamba sana zilizo wazi katikati, mfano wa mirija ya kunywea soda iliyopunguzwa hadi unene wa uzi wa kushonea. Kuta za nyuzi hizo zina vitundu vya nanomita 20, yaani sehemu 20 za bilioni ya mita. Bakteria wa kinyesi aina ya E. koli ana urefu wa takriban nanomita 2,000, kwa hiyo hana pa kupita. Rotavirusi, mojawapo ya visababishi vikuu vya kuhara kwa watoto, ana upana wa nanomita 70 hivi, naye hukwama. Maji hupenya ukuta wa uzi na kutokea mfereji wa buluu ubavuni; uchafu hubaki upande wa pili ukingoja kutolewa kwa mfereji mwekundu ulio chini. Pembeni kuna kipira chekundu cha kuminya kwa mkono, ambacho ndicho chombo cha matengenezo.

Hakuna umeme wala pampu. Kinachosukuma maji ni uzito wake yenyewe: safu ya maji ya mita 1 hutoa mgandamizo wa moja ya kumi ya ule wa hewa. Ni nguvu ndogo, na udogo wake unaeleza karibu kila hitilafu itakayotajwa hapa. Filta mpya hutoa lita 9 hadi 12 kwa saa. Kizuizi kidogo tu njiani, uzito wa maji unashindwa, na kasi inaanguka.

Kabla ya kuingia kwenye hitilafu, ni vizuri kutenganisha kazi ya filta na isiyo kazi yake. Utando wa nyuzi huzuia vitu vyenye umbo: chembe za tope, mayai ya minyoo, ameba, bakteria, virusi. Kilichoyeyuka hupita. Chumvi hupita, ugumu wa maji hupita, dawa za shamba zilizoyeyuka hupita. Kwa Kakamega jambo hili lina uzito wake, kwa sababu ukanda wa Ikolomani na vijiji vinavyouzunguka una wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki kunasia chembe za dhahabu, kazi iliyoendelea kwa namna mbalimbali tangu dhahabu igunduliwe huko mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kijito kinachopokea maji ya kuoshea mchanga wa migodini hakifanywi salama na filta ya nyuzi, hata maji yakitoka meupe kama ya mvua. Maji ya namna hiyo hayafai kunywewa kabisa, na familia iliyo karibu na mgodi haina budi kutafuta chemchemi iliyo juu ya mgodi au kukinga mvua ya mabati.

Madini ya chuma ni kisa cha katikati. Maji ya baadhi ya visima hutoka yakiwa maangavu, kisha baada ya saa chache hugeuka rangi ya kutu. Chuma kilikuwa kimeyeyuka. Kikikutana na hewa hugeuka chembe. Kikipita filta kabla ya kugeuka, kutu itaonekana baadaye ndani ya chombo safi na mwenye nyumba atadhani filta imekufa. Kikigeukia ndani ya silinda, kitajaza vitundu. Dawa yake ni kuyaacha maji hayo usiku kucha katika ndoo pana iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi, ili hewa iingie na kutu ishuke, kisha kuchota ya juu na kuyapitisha kwenye filta asubuhi.

Sasa hitilafu zenyewe. Ya kwanza, na inayoua filta nyingi kuliko zote, ni kupungua kwa kasi. Huja polepole. Leo ndoo inaisha kwa robo saa, mwezi ujao kwa nusu saa, na siku moja mama mwenye watoto watano wanaongoja kwenda shule anachoka kungoja, anachota maji moja kwa moja kutoka mtungini. Hapo ndipo filta inapoanza kukaa ukutani kama pambo. Kipimo cha mapema kinapatikana bila chombo chochote zaidi ya saa ya simu: ndoo ya lita 2 iliyojaa, mfereji wa buluu ukiwa wazi, humalizika kwa dakika 10 hadi 13 filta ikiwa mpya. Inafaa kupima hivyo mara moja kwa mwezi na kuandika dakika hizo kwa kalamu kwenye ukuta au kwenye plastiki ya ndoo. Namba zikipanda, tatizo limejulikana kabla halijawa kero.

Anayetafuta chanzo cha kasi ndogo aanzie juu na kushuka. Kwanza atoe chujio la wavu na kulitazama dhidi ya mwanga. Udongo wa Kakamega ni laini na unanata, na safu nyembamba ya tope jekundu kwenye wavu inatosha kuzuia maji. Wavu huoshwa kwa maji na kusuguliwa taratibu kwa kidole au kitambaa, kila siku. Brashi ya waya huutoboa. Kisha atazame mpira. Kama umejikunja mahali, au kama silinda imefungwa juu zaidi ili watoto wasiifikie na mpira ukabaki umejipinda chini yake, safu imepungua na nguvu imepungua nayo. Mpira unatakiwa ushuke wima. Kinachotawala kasi ni tofauti ya kimo kati ya ndoo na silinda. Kuinua kifaa chote hadi darini bila kuongeza tofauti hiyo hakusaidii kitu.

Kuna pia hewa. Ndoo ikiachwa ikauke kabisa kisha ikajazwa, kiputo cha hewa kinaweza kukwama ndani ya mpira na kukata safu ya maji. Maji yanajaa ndoo, mfereji umefunguliwa, na hakuna kinachotoka. Wengi hudhani kifaa kimeharibika. Mpira ukibanwa na kuachiwa kwa vidole mara kadhaa, kuanzia chini kwenda juu, hewa hupanda na kutokea kwenye ndoo kwa mapovu yanayoonekana, na maji huanza kushuka. Njia bora ni kuzuia: ndoo ijazwe tena kabla haijaisha.

Kama wavu ni safi, mpira ni wima na hewa haipo, basi uchafu uko kwenye nyuzi, na hapo kipira chekundu ndicho kinachohitajika. Kazi hii ndiyo moyo wa utunzaji, na inastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Mifereji yote miwili hufungwa. Ndoo hujazwa maji. Kipira huminywa kwa nguvu hadi pande zake zikutane, kisha huachiwa kijae chenyewe tena. Hii hurudiwa mara tatu, bila haraka, kwa sababu kipira kisichojaa hakisukumi kitu. Kila kikiminywa, maji safi yaliyokwisha kupita hurudishwa nyuma kupitia kuta za nyuzi na kung'oa tope lililogandamana upande wa pili. Halafu mfereji mwekundu hufunguliwa juu ya beseni au nje ya mlango. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya chai ya maziwa, mara nyingine na vipande vidogo kama ngozi; baada ya nusu dakika hivi huanza kung'aa. Yakiendelea kuwa mekundu, kazi yote irudiwe. Maji hayo ya mfereji mwekundu ni machafu kuliko yaliyomiminwa kwenye ndoo, kwa kuwa yamekusanya vijidudu vya siku nzima, na hayafai hata kuoshea vyombo. Yanamwagwa mbali na mahali watoto wanapochezea.

Kazi hii ni ya kila siku, na haimalizi dakika tatu. Ugumu wake ni kwamba tope lililokaa siku moja hung'oka kwa kuminya mara tatu, la wiki mbili huhitaji kuminya mara ishirini, na la miezi huenda lisitoke tena. Vijidudu vilivyonaswa navyo hufanya utelezi juu ya utando, aina ya gundi inayoshikilia chembe za udongo. Watengenezaji waliliona hilo, wakaweka katika silinda za awali chumba kidogo cha klorini ya kutoa dozi hafifu ili kuchelewesha utelezi huo. Klorini hiyo huisha, na kuanzia hapo mkono wa mwenye nyumba ndio unaobaki.

Filta iliyoachwa ikakauka ina tatizo lake la pekee. Familia ikisafiri kwenda shambani au kwa wazazi mwezi mzima, tope lililo ndani ya nyuzi hukauka na kushikana, na vitundu hupoteza maji yaliyovifanya vipitike kirahisi. Kuirudisha huhitaji subira: ndoo ijazwe, mifereji ifungwe, kifaa kiachwe hivyo usiku mzima, kisha kipira kiminywe na mfereji mwekundu ufunguliwe, tena na tena, kwa siku mbili au tatu. Nyingi hurudi kwa sehemu. Anayejua ataondoka anaweza kuepuka yote hayo kwa kuiosha vizuri kabla ya safari na kuiacha na maji ndani, mahali penye kivuli, kisha kumwaga maji ya ndoo za kwanza atakaporudi.

Yako mambo yanayofanywa kwa nia njema na kuiua filta papo hapo. Kumimina maji ya moto ndani ya ndoo ili kuua vijidudu hulainisha plastiki na gundi inayoshika nyuzi. Kuchokoa mdomo wa silinda kwa waya au sindano hukata nyuzi. Kutia dawa kali ya kupausha nguo kwa wingi hudhoofisha utando. Kuifungua silinda ili kuona ndani ni mwisho wake, imetengenezwa isifunguliwe.

Hitilafu ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu hupokewa kwa furaha: maji kuongezeka kasi. Filta iliyotumika mwaka mzima haipati nguvu mpya. Ikiwa ndoo iliyokuwa ikiisha kwa dakika 20 ghafla inaisha kwa tano, nyuzi zimekatika au gundi imeachia, na maji yanapita pembeni bila kuchujwa. Jaribio la nyumbani ni kuchota maji yenye tope kweli, kama yale ya mto Isiukhu baada ya mvua kubwa, kuyapitisha, na kuyatazama kwenye gilasi iliyowekwa mbele ya karatasi nyeupe. Yakitoka na ukungu wowote, silinda haifai tena hata siku moja. Yakitoka maangavu ni dalili njema, ila si uthibitisho kamili: mpasuko mdogo unaweza kupitisha bakteria bila kubadili rangi. Afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo ndiye wa kuulizwa kuhusu kipimo cha bakteria, na vichupa vya majaribio vinavyogeuka vyeusi maji yakiwa na dalili za kinyesi hutumiwa sana vijijini kwa kazi hiyo.

Kuvuja si kwa aina moja. Maji yanayodondoka kwenye maungio ya ndoo na mpira ni hasara ya maji machafu tu, na hukomeshwa kwa kukaza au kubadilisha kipande cha mpira kilichochakaa. Fundi wa mabomba au wa baiskeli sokoni hukata kipande kama hicho kwa bei ndogo. Panya hutoboa mpira, na mpira uliotobolewa hukatwa juu ya tundu ukichomekwa upya, kwa gharama ya kupoteza sentimita chache za kimo. Mfereji mwekundu unaovuja ndio wa kutisha. Tone lake likiangukia chombo cha maji safi kilichowekwa chini, kazi yote ya utando imepotea. Chombo cha maji safi kiwekwe kando kabisa, kiwe na kifuniko, na mdomo wa mfereji wa buluu upanguswe kwa maji yenye klorini kila wiki, kwa maana mikono ya watoto huugusa kabla ya kitu kingine.

Maji yenye harufu au ladha ya ajabu mara nyingi hutokana na ndoo, si na utando. Ndoo ikipigwa na jua hufanya ukijani ndani. Maji yaliyolala siku tatu huoza. Sabuni ya kawaida, maji mengi na kivuli vinatosha.

Kuanzia Machi hadi Juni, mvua za masika zinapogeuza vijito kuwa vyekundu, utunzaji wa kawaida hautoshi. Kumimina maji ya tope moja kwa moja kwenye ndoo ni kuomba silinda izibe ndani ya wiki. Mtungi wa lita 20 uachwe utulie usiku mzima, maji yamiminwe polepole bila kuutikisa, na robo ya chini iachwe humo. Kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne huondoa sehemu kubwa ya kilichobaki. Penye tope lisiloshuka, shabu hufanya kazi iliyoifanya kwa vizazi: jiwe lake huzungushwa ndani ya maji, chembe hushikana, na baada ya saa chache hulala chini. Na Kakamega, wakati huohuo vijito vinapochafuka, mabati yanamwaga maji yaliyo safi zaidi kuliko ya mtoni. Kuyakinga, baada ya kuacha mvua ya dakika za kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, hurefusha maisha ya filta kuliko dawa yoyote.

Maji yakishatoka kwenye mfereji wa buluu bado hayajafika tumboni. Utafiti wa Michael Kremer na wenzake, uliochapishwa 2011, ulifuatilia takriban chemchemi 200 katika wilaya za Busia na Butere-Mumias za wakati huo; Butere na Mumias leo ni sehemu ya kaunti ya Kakamega. Chemchemi zilipojengewa saruji na bomba la kutokea, uchafu wa kinyesi penye chemchemi ulipungua kwa thuluthi mbili. Majumbani, maji yaleyale yakishabebwa na kuhifadhiwa, upungufu ulikuwa kama robo tu. Kuhara kwa watoto kulipungua, pia kwa robo hivi. Mengi yaliyookolewa chemchemini yalipotea njiani na jikoni, kwenye mitungi isiyooshwa na vikombe vinavyochovywa kwa mkono. LifeStraw Family ya 2011 haikuwa na chombo chake cha kuhifadhia. Ilitoa maji safi, ikamwachia mwenye nyumba atafute pa kuyaweka. Chombo kinachofaa ni chenye mdomo mwembamba au mfereji, kisichoruhusu mkono kuingia, na kisichotumika kwa kitu kingine.

Nini kilizipata filta zile laki nane na zaidi? Watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika eneo hilo walitazama majumbani miaka miwili hadi mitatu baadaye, na matokeo yao yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba ni karibu familia moja tu kati ya tano iliyosema bado inaitumia. Takwimu hiyo isisomwe kuwa ushahidi wa uzembe wa wenye nyumba. Hesabu yenyewe ya kifaa inaeleza mengi: silinda ilitengenezwa ichuje takriban lita 18,000, na familia inayochuja lita 20 kila siku huzimaliza kwa siku 900, yaani miaka miwili na nusu. Filta iliyotumika kwa bidii tangu Mei 2011 ilikuwa imefika ukingoni mwishoni mwa 2013, hata kama haikuwahi kuguswa na panya. Kifaa kinachoisha kwa kutumika kinahitaji kipuri kinachopatikana kwa urahisi, karibu na kwa bei inayojulikana. Kugawa kwa wiki tano ni sehemu rahisi. Miaka inayofuata ndiyo kazi, na ndiko mradi wa namna hii unakopaswa kuweka fedha nyingi na watu wengi.

Rwanda ilitoa mfano wa kulinganishia. Mwaka 2014 mradi wa Tubeho Neza uligawa filta za toleo jipya la LifeStraw Family, zenye chombo cha kuhifadhia maji ndani yake, kwa takriban nyumba 100,000 za Mkoa wa Magharibi wa nchi hiyo, pamoja na majiko, huku wahudumu wa afya wa vijijini wakizitembelea nyumba hizo. Jaribio lililochapishwa 2019 lilionyesha kuhara kwa watoto wadogo kukipungua kwa karibu asilimia 29. Kipimo cha nyuzi kilikuwa kilekile cha Kakamega. Kilichobadilika ni pa kuweka maji na mtu wa kubisha hodi kuuliza kama inafanya kazi. Wahudumu wa afya ya jamii wa Kakamega wanaingia majumbani tayari; wakiongezewa swali moja la dakika ngapi ndoo inachukua kumalizika, wataona filta inayokufa miezi kabla haijafa.

Shuleni filta ni kubwa zaidi, za tangi na mifereji kadhaa, na utando wake ni wa jamii ileile. Hitilafu zake ni hizihizi, ila watumiaji ni mamia na mwenyewe hajulikani. Penye mwalimu au mlinzi mmoja aliyekabidhiwa wenzo wa kuosha kwa kurudisha maji nyuma, hudumu. Penye zamu ya kila mtu, huziba kabla ya muhula kwisha.

Silinda huhesabiwa imekwisha mojawapo ya dalili tatu ikitokea: ndoo inazidi saa nzima hata baada ya kuoshwa siku tatu mfululizo, maji yanatoka na ukungu, au kasi imepanda bila sababu. Haitengenezwi, hubadilishwa. Ndoo na mpira bado vinafaa kwa matumizi mengine, mradi visirudi kudhaniwa filta.

Hadi silinda mpya ipatikane, njia mbili za zamani zinatosha. Ya kwanza ni klorini. Katika chemchemi nyingi za Magharibi liliwekwa tangi la buluu lenye kifungulio kinachotoa mililita 3 za klorini, dozi ya mtungi wa lita 20; chupa za klorini zinazouzwa madukani nazo zina kipimo kwenye lebo. Maji huachwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Klorini hudhoofishwa na tope, kwa hiyo maji ya masika yatulizwe na kuchujwa kwa kitambaa kwanza, na haiui baadhi ya vimelea vyenye ganda gumu. Ina faida moja ambayo filta haina: hubaki ndani ya maji na kuyalinda chomboni. Kwa hiyo hata nyumba yenye filta nzima ina sababu ya kuwa na chupa yake.

Ya pili ni kuchemsha. Kakamega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Joto hilo linatosha kuua vijidudu vyote vya kuhara. Maji yakishatokota kwa mapovu makubwa yaachwe dakika moja, sufuria ifunikwe, yapoe humohumo, kisha yamiminwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba bila kuchovya kikombe. Kuyachemsha robo saa ni kupoteza kuni.